Mgiriki wa Kibosho

Jumatatu, 2 Juni 2025

Leo nimekuwa Mgiriki. Wa kale, si wa sasa. Wa sasa wana matatizo yao.

Uamuzi umenijia asubuhi nikitoa mbolea zizini. Mwezi mzima nimekuwa nikisoma habari za hopliti, askari wa miguu wa Ugiriki ya kale, na leo ndipo nimeng'amua: hawa watu ni sisi! Wakulima wa milimani. Kila mmoja na kishamba chake, kila mmoja na ugomvi wa mpaka, kila mmoja na maoni marefu kuhusu serikali. Vita vikiitwa, mtu anaacha mizeituni yake, anabeba ngao yake mwenyewe, anakwenda. Ondoa mizeituni, weka migomba na kahawa. Umefika Kibosho, Kilimanjaro kwetu.

Huko ng'ambo watu wazima wenye kazi na familia huvaa mavazi ya kale siku za mapumziko na kuigiza vita vya zamani. Wao wanaita burudani. Mimi naita elimu ya umma. Nitaunda kikosi cha kwanza mlimani hapa. Nimemweleza mke wangu Mektrida. Akaniuliza kama Wagiriki walikuwa wanamaliza kutoa mbolea kwanza.

Kisha akaleta lile jambo lake. Jumamosi ya wiki ijayo watu wa Sanya Juu wanakuja kumposa binti yetu Violet. Posa haikai bila mjomba. Mjomba ni Tito, kaka yake Mektrida, mwalimu mkuu mstaafu. Na Tito ameapa hatakanyaga kwangu mpaka nimwombe radhi.

Kosa langu? Nilisahihisha. Kwenye misa ya kumbukumbu ya marehemu mama yao alisoma historia ya ukoo yenye makosa ya tarehe, makosa ya majina na kosa moja la mantiki. Nikayaandika, kurasa nne, nikayatuma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo jioni ile ile, watu wakiwa bado wanakula. Mtu mwenye akili angeshukuru.

Sitaomba radhi. Nimemwambia Mektrida hivyo, na nimemwambia kwa nini, kwa hoja sita. Alitoka kwenye ya pili.

Jumatano, 4 Juni

Siku ya vifaa. Mafanikio makubwa!

Ngao ya hopliti ni duara, imebonyea kwa ndani. Nilihangaika niipate wapi. Kisha nikainua macho nikaona paa la jirani. Dishi! Dishi la televisheni ni ngao kamili, kana kwamba fundi wake alikuwa Mwathene. Nimepita nyumba kwa nyumba nikikusanya yaliyokufa. Yako mengi. Moja halikuwa limekufa, mwenyewe alikuwa ndani anatazama mpira. Kutoelewana kidogo.

Kofia ya chuma: sufuria. Juu yake kichwa cha ufagio, kwa utukufu. Kinga ya miguu: bomba la maji la plastiki lililopasuliwa kati. Vazi: shuka la kitanda, limefungwa begani. Langu lina maua ya zambarau. Yale meupe Mektrida ameyafungia kabatini, ufunguo anao shingoni pamoja na rozari.

Mikuki ilikuwa rahisi. Nyuma ya nyumba kuna miti mirefu mikavu, iliyonyooka. Ilikuwa imeegemeza migomba isianguke. Nikaichukua yote.

Alasiri upepo umeshuka kutoka mlimani. Migomba imelala chini na mikungu yake, mizima mizima, kama jeshi la Waajemi. Nilimwambia Mektrida hivyo hivyo, nikidhani mfano utamfurahisha. Amechukua kisu akaanza kumenya ndizi. Jioni tumekula mtori, supu ya ndizi. Usiku tumekula mtori. Naona jikoni pametandazwa ndizi za kutosha Wagiriki na Waajemi pamoja.

Ijumaa, 6 Juni

Mazoezi ya kwanza.

Kikosi chetu: Thadeus, jirani, amejiunga kwa sababu mkewe anamtafuta ajenge banda la kuku. Winfrida, dereva wa bodaboda na mwimbaji wa kwaya, ana kifua cha kutolea amri. Watatu wengine nimewatoa kwenye kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, na hawajauliza tunakwenda wapi. Pamoja nami tumekuwa sita. Si haba. Sparta ilianza na kitu kidogo.

Nimewafundisha falanksi. Watu husimama bega kwa bega, na ngao ya kila mmoja humkinga yeye na mwenzake wa kushoto. Somo zuri la ujirani. Thadeus akauliza kwa nini amkinge mtu ambaye ng'ombe wake walimlia mahindi mwaka juzi. Nikamwambia Wagiriki waliweka mambo hayo kando. Akauliza nina hakika gani. Nikataja vitabu vinne. Akasema waandishi wa hivyo vitabu hawakulima mahindi.

Tatizo kubwa ni ardhi. Wagiriki walipigana tambarare. Kibosho haina tambarare. Ukitoa amri ya "mbele" ukiwa unatazama bondeni, ile ya "simama" haina kazi tena. Tumeingia wote kwenye mfereji, ngao juu, ngao chini. Maji ya mlimani, mwezi wa Juni, na shuka bila kitu ndani. Winfrida alicheka akiwa amekaa humo humo majini. Wale wa kilabu wamesema hili jambo linahitaji mbege kabla na baada.

Sehemu pekee iliyo sawa ni uwanja wa mpira wa parokia. Nimekwenda kwa paroko. Mtu mpole sana. Amesema yeye hana shida, nikamwombe mwenyekiti wa halmashauri ya walei.

Mwenyekiti wa halmashauri ya walei ni Tito.

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste

Nimemwandikia Tito jana, barua fupi ya heshima, kurasa mbili tu, nikieleza haki ya raia kutumia uwanja. Jibu amelitoa leo nje ya kanisa, mbele ya watu wote, wanakwaya wakiwa na majoho yao.

"Jamani, mwoneeni huruma shemeji yangu," alisema. "Hoja zilimwishia siku nyingi. Sasa zimemwishia suruali."

Watu wakacheka. Paroko akakohoa ndani ya mkono wa kanzu yake, kikohozi kirefu. Mektrida naye alicheka! Nimemwona. Amesema alikuwa anapiga chafya.

Uwanja nimenyimwa. Ati vijana wanautumia. Nimepita pale baada ya misa. Kulikuwa na mbuzi wawili.

Basi. Vita.

Jumanne, 10 Juni

Mektrida ametoa tamko. Ameketi mezani, amekunja mikono, mimi nimesimamishwa. Amezungumza na kaka yake. Kama mpaka Ijumaa sijamwomba radhi kwa lile jambo la mama yao, posa itafanyika kwa Tito. Wageni wa Sanya Juu watapokelewa kwa Tito, mbuzi atachinjwa kwa Tito, na kwenye kiti cha baba wa binti atakaa Tito. Mimi nitakaribishwa. Nitakaa na vijana wanaogawa soda.

Nikasema haiwezekani, ni mapinduzi. Nikaanza kueleza Waathene waliwafanya nini watu waliopindua mabaraza yao. Violet akatoka chumbani. Mtoto huyu hapigi kelele, tangu utoto wake hana kelele. Alisimama mlangoni.

"Baba," akasema, "nataka uwe wewe kwenye kile kiti. Sitaki mwingine. Lakini siwezi kukukalisha kwa nguvu."

Akarudi ndani.

Nimekwenda zizini nikakaa na ng'ombe kwa muda. Kuna vumbi jingi zizini siku hizi, linaingia machoni.

Kile kiti ni changu. Nitakikalia. Lakini siwezi kuomba radhi kwa kuwa sahihi. Lazima ipo njia ya tatu. Wagiriki daima walikuwa na njia ya tatu.

Jumatano, 11 Juni

Njia ya tatu imepatikana!

Tito hatashindwa kwa maneno. Nimejaribu maneno tangu nilipomwoa dada yake. Atashindwa kwa kuona. Kesho asubuhi kikosi kizima kitapanda kwake kwa mpango wa vita, ngao kwa ngao, na kujipanga mbele ya mlango wake. Atatetemeka. Atanisihi tuyamalize. Mimi nitamsamehe, kwa ukarimu, na hotuba. Atakuja posani kama mtu aliyesamehewa na mimi. Kiti kinabaki kwangu, na sijaomba chochote.

Kimebaki kitu kimoja, taji. Kwenye siku kubwa Wagiriki walivaa mataji ya majani kichwani. Majani yao hatuna. Thadeus ameleta ya kahawa, yamenyauka kabla hajafika. Ya mgomba yanapasuka. Kisha nikaona jibu limesimama kwenye mpaka wa shamba langu tangu enzi za babu: masale! Jani refu, la kijani, gumu, linaloweza kukaa wiki nzima bila kunyauka, linalosukika kama ukili. Tumekata rundo.

Winfrida alisita, kisu mkononi. Akaniuliza kama nimefikiri vizuri, maana jani lile lina kazi yake. Nikamwambia mimi ni Mchagga, sihitaji kufundishwa. Najua kwamba kwa wazee wetu mtu aliyekosa akimpelekea aliyemkosea jani la isale, basi ameomba radhi na hawezi kukataliwa. Niliwahi hata kuandika makala ya kupinga jambo hilo, gazeti moja la mjini likaikataa kwa woga. Jani ni jani. Maana yake hutoka kwa anayelivaa, na anayelivaa kesho ni Mgiriki.

Winfrida akasema, "Haya, mbe," yaani mzee. Kisha akaendelea kusuka, na nadhani alisuka kwa bidii kuliko wote.

Alhamisi, 12 Juni

Sijui nianzie wapi.

Tumeondoka asubuhi katika ukungu. Mandhari ya kutisha kabisa! Madishi sita yanang'aa, mikuki juu, masale vichwani. Kwa ajili ya mataji sufuria tulizining'iniza viunoni, na ziligongana kama kengele za ng'ombe. Wanawake waliokuwa wakishuka na ndizi walisimama pembeni ya njia. Nilitarajia kicheko. Hawakucheka. Waliinamisha vichwa. Mmoja akasema, "Mungu awatangulie." Nikasema moyoni, sasa wanaanza kuelewa historia.

Tumeingia kwa Tito. Mbwa wamebweka, wakanusa shuka, wakanyamaza. Nikatoa amri, falanksi ikajipanga. Mlangoni kwa Tito pana usawa kidogo, lazima niseme, hakuna aliyeteleza. Mary, mke wa Tito, alikuwa anakamua ng'ombe. Aliinuka, akatuona, ndoo ikamponyoka, maziwa yakamwagika. Nikajua ushindi umefika.

Tito akatokea shambani, sweta, gambuti, mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Nikavuta pumzi. Hotuba ilianza hivi: "Tito! Nimekuja mbele yako leo, mimi na watu wangu..."

Sikufika mbali. Alikuwa hanitazami usoni. Anatazama vichwa vyetu, kimoja baada ya kingine, kutoka kulia kwenda kushoto. Akautua mzigo chini taratibu. Akavua kofia.

"Remigius," akasema, na sauti haikuwa ile ya mwalimu mkuu. "Baba yangu aliletewa isale mara moja tu maishani mwake. Jani moja. Wewe umekuja na watu, na kila mmoja amejivika kichwa kizima."

Nikasema hapana, subiri, haya ni mataji. Wagiriki. Nikaanza na karne.

Mary alikuwa ameanza kulia. Winfrida akapiga magoti. Thadeus akaona, akapiga magoti. Wale wa kilabu, ambao nadhani walikuwa wamesikia harufu ya mbege kutoka jikoni, wakapiga magoti kwa mpigo mmoja, kwa unadhifu ambao hawakuuonyesha siku yoyote ya mazoezi. Falanksi yangu! Nimebaki nimesimama peke yangu upande wa kulia, ambako hakuna wa kukukinga. Nikageuka kuwaamuru wainuke. Nikakanyaga shuka langu. Nikaenda chini, magoti mawili, dishi mbele yangu kama sinia.

Tito akanishika mabega akaninyanyua. Machozi yanamtoka, mzee mzima.

"Shemeji, ile historia ya mama niliiandika nikilia," akasema. "Hata tarehe sikuziona vizuri. Nawe ulinifedhehesha siku hiyo hiyo tuliyomkumbuka. Nilisema sitakusamehe. Lakini kwa hili nani anaweza kukataa?"

Hilo linaeleza makosa ya tarehe. Halielezi lile la mantiki. Nilikuwa nimefungua kinywa nimwambie hivyo. Nilifungua, kweli. Lakini alikuwa ameninyang'anya taji kichwani na kulishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepokea mtoto, na sijui kwa nini, maneno hayakutoka. Ni baridi. Nimekuwa na mafua tangu mfereji.

Mbuzi akachinjwa. Tumekunywa kisusio, supu ya damu yake. Nilijaribu kueleza mara tatu kwamba yale yalikuwa mashambulizi. Kila nikieleza, Tito anawaambia wenzake: mnaona, mtu aliyejuta kweli hataki hata kusifiwa kwa kujuta.

Ijumaa, 13 Juni

Kundi la WhatsApp la ukoo limefurika. Kuna picha yangu nimepiga magoti, maua ya zambarau yanaonekana vizuri sana. Mashangazi wa Dar wameweka mikono ya sala. Mtu ameandika kwamba sasa anajua unyenyekevu unafananaje. Paroko atalitaja Jumapili kwenye mahubiri.

Mimi! Mnyenyekevu! Nimechafuliwa jina mbele ya ukoo mzima.

Nimeandika ufafanuzi. Kurasa tatu. Kichwa cha habari: "Kilichotokea Hasa." Nilikuwa karibu kuutuma, Mektrida akasimama nyuma yangu na mwiko. Aliusoma wote, mpaka mwisho, mara ya kwanza tangu tuoane. Kisha akasema kwa utulivu, "Baba Violet, ukituma hiyo, kesho utakuwa unagawa soda."

Sijatuma. Nimeuhifadhi.

Hata hivyo nimelitafakari suala hili kwa makini na nimegundua kwamba nimeshinda. Kwa sheria za vita za Wagiriki, anayebaki na uwanja baada ya mapambano ndiye mshindi. Nani alibaki kwenye uwanja wa Tito? Sisi. Tulibaki mpaka jioni. Tulikula mbuzi wake. Wale wa kilabu bado wako kule.

Jumamosi, 14 Juni

Posa imefanyika. Kwangu. Kiti nimekikalia mimi.

Nimevaa suti. Ndilo lilikuwa sharti. Tito amekaa kulia kwangu, akaongea kama mjomba anavyotakiwa kuongea, kirefu, na makosa mawili tu ya kihistoria. Nikayaacha yapite. Mektrida alikuwa ameniwekea mkono gotini chini ya meza, na kucha zake ni ndefu. Violet alipoulizwa kama wageni wanywe mbege, akasema wanywe, yaani amekubali, akanitazama mimi. Alikuwa na furaha. Sitaandika zaidi kuhusu hilo.

Wageni watu wazuri. Kijana anaitwa Godbless, ana adabu, alinisalimu shikamoo kwa kuinama. Baba yake ni Mzee Eliona, mfugaji, mtaratibu, anasikiliza kuliko anavyosema. Nilimpenda. Harusi tumeipanga Septemba. Kila kitu kilikuwa kimekwisha. Tulikuwa tumesimama langoni tukiagana, injini ya gari lao inanguruma.

Ndipo Mzee Eliona akanishika mkono, akatabasamu, akasema amesikia habari za kile kikosi changu, na kwamba ni jambo zuri sana kuwakumbuka Warumi.

Warumi.

Nilisimama pale. Mkono wake mkononi mwangu. Mektrida alinitazama, Tito alinitazama, Violet alinitazama. Nikamshukuru kwa Kichagga, "Aika, mbe. Safari njema." Hakuna mtu aliyewahi kufanya jambo gumu kama hilo, wala Sparta.

Lakini sasa wameondoka, na nimekaa na jambo hili, na naona si haki kwake. Mtu atakuwa baba mkwe wa binti yangu. Atakuwa babu wa wajukuu wangu. Watoto wakulie katika nyumba isiyojua tofauti ya Mgiriki na Mrumi? Septemba ni mbali. Muda wa kumsaidia upo wa kutosha. Nimeanza kumwandikia, kwa upole kabisa. Nimefika ukurasa wa tano na sijafika bado kwenye kosa lenyewe. Nimemwita "ndugu yangu mpendwa katika upotofu." Kiungo cha kundi la WhatsApp la ukoo wao kule Sanya Juu nimekipata kwa Godbless, kijana mwema, hakuuliza ya nini.

Mektrida anauliza kutoka jikoni naandika nini.

Nimemwambia ni barua ya shukrani.